Cox wa "Cochran na Cox" alikuwa nani?

Msomaji wetu, mwanafunzi wa shahada ya kilimo mjini Morogoro, ameandika hivi: "Mhadhiri wetu wa mbinu za utafiti hutuambia kila mara tufuate Cochran na Cox tunapopanga majaribio ya shambani. Nilidhani huyo Cox ndiye yule wa modeli ya Cox inayotumika katika tafiti za afya, hadi mwenzangu aliponiambia kwamba ni mwanamke. Je, ni kweli? Na kama hakuna kanuni hata moja yenye jina lake, kwa nini anahesabiwa miongoni mwa wakubwa wa takwimu?"

Ni kweli, ndugu msomaji. Cox anayetajwa pamoja na William Cochran, mwandishi mwenzake wa kitabu cha upangaji wa majaribio, ni Gertrude Mary Cox, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 13 Januari 1900 na kufariki tarehe 17 Oktoba 1978. Yule wa modeli inayotumika kuchunguza muda ambao wagonjwa huishi baada ya tiba ni Mwingereza David Cox, aliyeichapisha modeli hiyo mwaka 1972, na ndiye pia aliyeshirikiana na George Box mwaka 1964 kutunga ile njia ya kugeuza vipimo inayojulikana kwa majina yao wawili. Usijilaumu kwa kuwachanganya, kwa sababu David Cox naye alitoa kitabu kuhusu upangaji wa majaribio mwaka 1958, miaka minane baada ya kile cha Gertrude Cox na William Cochran, na nimewahi kusahihisha tasnifu ambayo mwandishi wake alikuwa amewaunganisha watu hawa wawili kuwa mtu mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Swali lako la pili ndilo zito. Limebeba dhana ambayo nimeisikia hata kwa watakwimu wenzangu, kwamba ukubwa wa mtu katika fani yetu hupimwa kwa kanuni inayoitwa kwa jina lake. Kwa kipimo hicho Gertrude Cox hana la kuonyesha. Lakini ukiuliza ni nani aliyefanya takwimu iwe idara yenye walimu, wanafunzi, fedha, jarida na chama chake, na ni nani aliyewazoesha watafiti wa kilimo kumwendea mtakwimu kabla mbegu haijaingia ardhini, jina lake litakujia miongoni mwa ya mwanzo kabisa. Naomba nikueleze jinsi alivyofika hapo, maana njia yenyewe haikuwa ya kawaida.

Alizaliwa shambani karibu na mji mdogo wa Dayton katika jimbo la Iowa, eneo la mahindi na mifugo, katika familia ya Wamethodisti. Alimaliza shule ya sekondari katika mji wa Perry mwaka 1918, na wakati huo hakuwa na wazo lolote la kuwa mtakwimu. Alitaka kuwa shemasi wa kike katika kanisa lake, akasoma mafunzo ya huduma za jamii, kisha akaenda katika jimbo la Montana kuwa mlezi wa watoto wadogo wa kiume kumi na sita katika makao ya yatima. Kilichomrudisha darasani ni haja ya kupanda cheo, kwani ili awe msimamizi wa makao kama yale alihitaji elimu ya chuo. Kwa hiyo mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 25, alijiunga na Chuo cha Jimbo la Iowa mjini Ames, akachukua hisabati kama somo kuu kwa sababu rahisi kabisa: ndilo lililokuwa jepesi kwake. Pembeni yake aliweka saikolojia, sosholojia na kazi za mikono, yaani masomo ambayo angeyahitaji mtu anayekwenda kulea watoto.

Hapo ndipo alipokutana na George Snedecor, aliyemfundisha kalkulasi. Snedecor alikuwa mmoja wa watu wachache sana nchini Marekani waliokuwa wakizichukulia takwimu kama zana ya kazi ya kila siku ya mtafiti wa kilimo, na alikuwa na chumba cha kukokotolea ambamo vipimo vya mazao na mifugo vilifanyiwa hesabu. Cox alihitaji fedha za kujisomesha, naye akaajiriwa katika chumba hicho. Msomaji wa leo, ambaye hubonyeza kitufe na kupata jedwali la uchanganuzi wa variansi, linaloonyesha tofauti za vipimo zimetoka wapi, kabla chai haijapoa, huenda asielewe uzito wa kazi ile. Kila jumla ya miraba, yaani hesabu inayopima jinsi vipimo vinavyotofautiana, ilitafutwa kwa mashine ya mezani, namba moja baada ya nyingine, na kosa la tarakimu moja lililazimisha kuanza upya. Mtu aliyekaa miaka kadhaa katika kazi hiyo alipata kitu ambacho hakimo vitabuni: aliziona data mbichi za mamia ya majaribio ya watu wengine, akajua yapi yalipangwa vizuri na yapi yalikuwa yameharibika kabla hata ya kuvunwa. Kwa maoni yangu, chumba kile kilimfundisha Cox mengi kuliko darasa lolote.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1929, na mwaka 1931 akapata shahada ya uzamili katika takwimu, ya kwanza kutolewa na chuo hicho katika somo hilo. Tasnifu yake ilichunguza kama uwezo wa mwalimu unaweza kupimwa kwa mafanikio ya wanafunzi wake katika masomo wanayoyachukua baadaye. Nikiangalia maisha yake yalivyokuja kuwa, naliona swali hilo kama kipimo ambacho yeye mwenyewe angekipita kwa alama za juu, lakini hayo ni maoni ya mzee anayependa kuona maana kila mahali.

Baada ya hapo alikwenda Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley kwa miaka miwili, akijifunza takwimu za saikolojia. Hakumaliza uzamivu. Mwaka 1933 Snedecor alikuwa akianzisha rasmi Maabara ya Takwimu mjini Ames, akamwita arudi kumsaidia, naye akarudi. Shahada ya udaktari aliyokuja kuwa nayo ni ya heshima, aliyotunukiwa na chuo hichohicho cha Iowa mwaka 1958, wakati yeye alikwisha kuwa profesa kwa karibu miaka 18.

Ili uelewe kazi aliyorudi kuifanya, lazima nikupeleke kidogo Uingereza, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ambako mtakwimu Mwingereza R. A. Fisher alikuwa ameanza kazi mwaka 1919 na kutunga misingi ambayo bado mnafundishwa leo. Chukua shamba lenye mteremko na aina nne za mahindi. Ukipanda aina ya kwanza yote juu na ya nne yote bondeni, mahali ambapo mvua imesomba rutuba na kuirundika, mavuno yakitofautiana hutajua kama ni mbegu au ni bonde. Tiba ya Fisher ni kuligawa shamba katika vitalu vinavyoukata mteremko, ili kila kitalu kiwe na udongo unaokaribia kufanana, kisha kuhakikisha aina zote nne zimo katika kila kitalu, na kuamua kwa kura ni ipi ipandwe katika kipande kipi. Vitalu hupunguza tofauti za udongo, marudio hukupa namna ya kukadiria kosa la jaribio, yaani tofauti zinazotokea kwa bahati tu, na kura humzuia mtafiti asiipendelee mbegu yake hata bila kujijua. Fisher alifika Ames majira ya joto ya mwaka 1931 na tena mwaka 1936, na mwaka 1939 akahamia hapo William Cochran, Mskoti aliyekuwa amefanya kazi Rothamsted. Kwa hiyo mji huo mdogo wa Iowa uligeuka kuwa daraja ambalo mawazo ya Rothamsted yalipitia kuingia Marekani, na Cox alikuwa amesimama katikati ya daraja hilo.

Alifundisha somo la upangaji wa majaribio kwa wanafunzi wa shahada za juu, lakini sehemu kubwa ya siku yake ilikuwa ushauri. Mtafiti wa ng'ombe, wa mahindi, wa lishe au wa wadudu alikuja na tatizo lake, na Cox alikuwa na masharti matatu kabla ya kuzungumzia hesabu yoyote. Kwanza, eleza waziwazi lengo la jaribio, yaani ni swali gani unataka lijibiwe. Pili, lieleze jaribio lenyewe kwa kina: unalinganisha nini na nini, kwa vipande au wanyama wangapi, na utapima nini. Tatu, andika mapema jinsi utakavyoyachanganua matokeo, kabla hujaanza. Masharti hayo utayakuta katika kitabu chake na Cochran, yamewekwa kama rasimu ambayo kila mtafiti anapaswa kuiandika.

Yanaonekana mepesi, na ndiyo maana yanapuuzwa. Katika miaka yangu ya kushauri watafiti nimeletewa daftari la mavuno ya msimu mzima, lenye mwandiko safi na vipimo hadi gramu, ambamo mbegu mpya ilikuwa imepandwa yote upande wa kisima na ya zamani yote upande wa mchanga. Mwenye daftari alitaka nimwambie ni mbegu ipi bora. Nilimpa chai na pole, kwa sababu kitu kingine sikuwa nacho. Sharti la tatu la Cox lingemwokoa, kwani mtu akijaribu kuandika mapema jinsi atakavyoichanganua data ya shamba kama lile, kalamu humgomea palepale.

Sasa tufike mwaka 1940, katika kisa ambacho kila anayemtaja Cox hukisimulia. Chuo cha Jimbo la North Carolina mjini Raleigh kilitaka kuanzisha idara ya takwimu ndani ya kitivo cha kilimo, kikamwandikia Snedecor apendekeze watu wa kuiongoza. Snedecor aliandika orodha ya wanaume, akamwonyesha Cox barua hiyo kabla ya kuituma. Cox akauliza kwa nini jina lake halimo. Snedecor, ambaye hapana shaka alimjua na kumthamini kuliko wengi wa wale aliowaorodhesha, aliongeza mstari chini ya barua kwamba kama wangekuwa tayari kumfikiria mwanamke, angempendekeza Gertrude Cox. Mstari huo ndio uliojibiwa. Mwezi Novemba 1940 Cox aliingia Raleigh kuwa profesa na mkuu wa Idara ya Takwimu za Majaribio, mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili na mkuu wa idara katika chuo hicho.

Ninapolisimulia jambo hili kwa wanafunzi huwa nawaomba wasimgeuze Snedecor kuwa adui, wala wasimfanye kuwa shujaa. Alikuwa mwalimu mwema ambaye, alipoulizwa watu bora, akili yake ilikwenda kwa wanaume kwanza, ingawa mtu bora alikuwa chumba cha jirani. Kilichobadilisha mambo ni kwamba Cox aliuliza, na aliuliza wakati barua bado haijatiwa kwenye bahasha.

Idara aliyoikuta Raleigh ilikuwa ya kujengwa kutoka chini. Hapo ndipo kinapoonekana kipaji chake cha kweli, na hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Aliwaweka watakwimu wake karibu na watafiti wa mazao na mifugo, ili mtakwimu aijue mbegu na mtafiti aijue kura. Aliandaa mafunzo ya wiki moja moja kwa watu kutoka nje ya chuo, na aliwaalika wakubwa wa fani kuja kufundisha, akiwemo Fisher mwenyewe. Aliomba fedha kwa ujasiri. Mwaka 1944 alifanywa mkurugenzi wa Taasisi ya Takwimu iliyoanzishwa kwa ajili ya Chuo Kikuu chote cha North Carolina, kwa msaada wa fedha za Bodi ya Elimu ya Jumla, ambayo ilikuwa mfuko wa familia ya Rockefeller.

Akiwa na taasisi hiyo alifanya jambo ambalo wengi wangelikwepa. Alijua kwamba yeye na watu wake wa Raleigh walikuwa hodari katika matumizi, na kwamba matumizi yasiyolishwa na nadharia hudumaa. Kwa hiyo alisaidia kujenga idara ya pili katika kampasi ya Chapel Hill, mwendo mfupi tu kutoka Raleigh, idara ya takwimu za kihisabati, na mwaka 1946 aliletwa Harold Hotelling kutoka Chuo Kikuu cha Columbia kuiongoza. Hotelling alikuwa mmoja wa wananadharia wakubwa wa zama zake. Mwaka huohuo Cochran naye alijiunga na Raleigh kusimamia masomo ya shahada za juu. Fikiria: mwanamke asiye na uzamivu, aliyeingia chuoni ili awe msimamizi wa makao ya yatima, anawakusanya chini ya taasisi moja watu ambao vyuo vikuu vya kale vya Marekani vingegombania kuwapata. Mkuu wa idara mwenye wivu angewaajiri watu wadogo kuliko yeye. Cox aliajiri watu ambao majina yao yangeandikwa juu ya kanuni, akawapa vyumba, wanafunzi na utulivu.

Aliona mapema pia umuhimu wa kompyuta. Chuo chake kilikuwa miongoni mwa vile vya mwanzo kuwa na mashine ya IBM 650, na idara yake ilijihusisha na programu za takwimu tangu siku hizo. Programu ya SAS, ambayo huenda umeitumia au umesikia bei yake na kushtuka, ilizaliwa katika chuo hicho kuanzia mwaka 1966, kwa ajili ya kuchanganua data za majaribio ya kilimo. Wakati huo Cox alikwisha kustaafu, na sitaki kumpa sifa ya kazi ya wengine, lakini waliofanya kazi hiyo waliifanya ndani ya nyumba aliyoijenga yeye.

Nije kwenye kitabu. Kilitoka mwaka 1950 kwa jina la Experimental Designs, yaani Miundo ya Majaribio, na toleo la pili likafuata mwaka 1957 likiwa na sura mpya kuhusu majaribio yasiyojumuisha kila mchanganyiko wa vitu vinavyojaribiwa na kuhusu kutafuta viwango vinavyoleta mavuno ya juu kabisa. Kabla ya kuwa kitabu kilikuwa makaratasi ya kufundishia yaliyonakiliwa kwa mashine na kusambazwa kwa wanafunzi na watafiti, na hilo linaonekana katika namna kilivyoandikwa. Kila muundo umeelezwa unafaa lini, mchoro wake umewekwa, namna ya kupiga kura imefafanuliwa hatua kwa hatua, kisha unafuata mfano uliokokotolewa mpaka mwisho. Mwishoni kuna hata majedwali ya mpangilio wa nasibu, ili mtafiti aliye mbali na mji asikose cha kupigia kura.

Chukua tatizo moja tu uone faida yake. Mzalishaji wa mbegu ana aina 49 za kulinganisha. Akizitia zote katika kitalu kimoja, kitalu hicho kinakuwa kirefu kiasi kwamba udongo wa mwanzo wake haufanani na wa mwisho wake, na lile lengo la kitalu linapotea. Miundo ya latisi, iliyotungwa na Frank Yates wa Rothamsted, huzipanga aina hizo katika mraba wa 7 kwa 7 na kuzigawa katika vitalu vidogo saba vyenye vipande saba kila kimoja. Ukirudia mpangilio huo mara 8 kwa kuuchanganya kwa utaratibu maalumu, kila aina itakutana na kila aina nyingine katika kitalu kimoja mara moja, isizidi wala isipungue. Hiyo ni vipande 392, na si kila mtu ana ardhi hiyo wala vibarua wa kuipalilia, kwa hiyo kitabu kinakuonyesha pia jinsi ya kufanya kwa marudio mawili tu na unachokipoteza kwa kufanya hivyo. Yates ndiye aliyevumbua. Cochran na Cox ndio waliomfikishia mtu wa shambani kwa lugha anayoweza kuifuata akiwa na kalamu, na majaribio ya mbegu za mahindi katika nchi zetu za Afrika Mashariki bado yanapangwa kwa miundo ya ukoo huohuo wa latisi.

Sitakuficha udhaifu wake. Kitabu kinachotoa mchoro kwa kila tatizo humshawishi msomaji mvivu kuchagua mchoro kwanza na kutafuta tatizo baadaye. Nimewaona watafiti wakilazimisha shamba lao liingie katika mraba wa Kilatini, yaani mpangilio ambamo kila kinacholinganishwa hutokea mara moja katika kila mstari na kila safu, kwa sababu tu mfano wake ulikuwa mzuri. Isitoshe, kurasa nyingi za ukokotozi wa mkono zimepitwa na wakati, kwa kuwa modeli mchanganyiko, zinazokadiria tofauti za vitalu pamoja na za mbegu, na kompyuta hushughulikia leo vitalu visivyokamilika bila mateso yale. Ukipata nakala maktabani, soma kwa makini sura tatu za kwanza, zinazozungumzia madhumuni ya majaribio, njia za kuongeza usahihi na misingi ya uchanganuzi, kisha sura ya nne yenye vitalu vya nasibu na miraba ya Kilatini. Zilizobaki zitumie kama kamusi.

Pamoja na idara na kitabu lilikuwepo jarida. Mwaka 1945 kitengo cha biometria, yaani takwimu za viumbe hai, cha Chama cha Takwimu cha Marekani kilianza kutoa taarifa ndogo ambayo Cox aliihariri, na ambayo ilikua haraka ikawa jarida la Biometrics. Aliendelea kuwa mhariri hadi mwaka 1955. Tarehe 6 Septemba 1947 alikuwepo Woods Hole, Massachusetts, wakati Chama cha Kimataifa cha Biometria kilipoanzishwa Fisher akiwa rais wake wa kwanza, na miongo miwili baadaye, mwaka 1968 na 1969, Cox mwenyewe alikuwa rais wa chama hicho. Ukiwa unatafuta mahali pa kujiunga baada ya masomo, chama hicho kina kundi lake nchini Kenya na mtandao wa watakwimu wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Hapa nisahihishe kosa ninalolikuta mara kwa mara. Cox hakuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Takwimu cha Marekani. Alikishika kiti hicho mwaka 1956, akiwa wa tatu, baada ya Helen Walker mwaka 1944 na Aryness Joy Wickens mwaka 1952. Kwingine alitangulia kweli: mwaka 1949 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu. Ninalisisitiza hili kwa sababu mtu mwenye sifa za kutosha hahitaji kuazimwa za wenzake, na Walker anastahili yake.

Alistaafu chuoni mwaka 1960, kwa jina tu. Mwaka huohuo alianza kuongoza kitengo cha takwimu katika Taasisi ya Utafiti ya Research Triangle, iliyokuwa bado changa, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa waliopigania kuanzishwa kwake kati ya miji ya Raleigh, Durham na Chapel Hill. Alipoachana na kazi hiyo katikati ya miaka ya 1960 aligeukia ushauri wa kimataifa. Aliishi Misri kwa karibu mwaka mmoja akisaidia kazi za taasisi ya takwimu ya Chuo Kikuu cha Cairo, na alikwenda Thailand mara kadhaa kushauri kuhusu mipango ya takwimu. Aliipenda safari kama alivyoipenda bustani yake, na kazi za mikono alizozianza Ames hakuziacha.

Heshima zilimfikia akiwa hai. Mwaka 1970 chuo chake kililiita jengo la takwimu Cox Hall, na mwaka 1975 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Baada ya kifo chake Chama cha Takwimu cha Marekani kilianzisha ufadhili wa masomo wenye jina lake kwa wanawake wanaosoma takwimu. Kwa hiyo jina lake limeandikwa mahali, ingawa halikuandikwa juu ya kanuni, na nadhani umepata jibu la kwa nini.

Umeomba kujua alikuwa nani, basi nimalizie na alivyokuwa katika siku zake za mwisho, kwa sababu hapo tabia ya mtu haifichiki. Alipopatikana na saratani ya damu alianza kuweka kumbukumbu za matibabu yake kwa uangalifu uleule aliokuwa akiwadai watafiti: dawa ipi, kiasi gani, mwili umeitikiaje. Alijiita kipande cha jaribio. Alifariki mjini Durham, katika jimbo lilelile la North Carolina, akiwa na umri wa miaka 78.